Vikao vya Mbalamwezi

Jumatatu, 2 Septemba

Chai, muhogo wa jana, dawa ya presha. Kisha ofisi ya kata. Goti la kulia halizipendi zile ngazi, nikapita mlango wa nyuma kama kawaida.

Kazi ya leo ilikuwa kupanga vikao vya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo mimi ni mwenyekiti wake tangu nistaafu ualimu. Watu hawalielewi baraza hili. Wanadhani ni mahakama. Si mahakama. Halimfungi mtu wala halivunji ndoa. Sheria inataka wanandoa waliofarakana wapite kwetu kwanza. Tukishindwa kuwapatanisha, tunaandika hati kwamba tumeshindwa, na kwa hati hiyo anayetaka talaka anaweza kuingia mahakamani. Bila hati, kwa kawaida, mlango umefungwa. Nimelieleza jambo hili mara nyingi sana na bado sijachoka.

Mashauri ya wavuvi nimeyapanga wakati wa mbalamwezi. Huo ni utaratibu wangu. Zamani yalikuwa yanalala kwa sababu wanaume hawaonekani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati, kwa hiyo mitumbwi huvutwa mchangani na wanaume hurudi majumbani mpaka mwezi upungue. Basi natazama kalenda yenye alama za mwezi, naita mashauri wakati wanaume wapo. Tangu nianze hivyo hakuna mume mvuvi aliyekosa kikao. Najivunia.

Lalamiko moja jipya. Dafroza. Nilimfundisha darasa la nne, mwandiko mzuri, sauti ndogo. Mumewe ni Gervas, nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Anampiga. Nimeliweka Jumanne ya tarehe 17.

Alhamisi, 5 Septemba

Dafroza alikuja nyumbani. Anaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, akaomba radhi kwa harufu aliyokuja nayo. Hakuketi mpaka nilipomwambia mara ya pili.

Anataka asikilizwe sasa hivi, wakati Gervas yuko kambi ya wavuvi huko kusini, kupita Ilagala. Giza lote wanakaa huko. "Mwalimu," alisema, "giza likiwapo naweza kusema. Mwezi ukitoka sina mdomo."

Nilimweleza kwa utulivu. Mtu hasemwi akiwa hayupo, huo ni msingi wa haki popote duniani. Akasema hataki Gervas asemwe, anataka hati tu. Nikaeleza kwamba hati haitangulii usuluhishi, na usuluhishi hauna upande mmoja. Nilichora hata mizani nyuma ya bahasha. Aliitazama ile mizani kwa adabu.

Hakubisha. Wakati wa kuondoka akaamkia tena, akamwachia mke wangu, Bi Mwamini, dagaa waliofungwa kwenye kipande cha kitenge.

Bi Mwamini alikuwa amesikia yote akiwa uani. Aliniambia, "Yule hakuja shule."

Niliwaza kumtajia Dawati la Jinsia la polisi. Sikumtajia. Askari akishaingia katika ndoa, ndoa hairudi tena. Hayo ndiyo mawazo yangu.

Jumapili, 8 Septemba

Upepo. Vumbi lote la mtaa wetu wa Mwanga limehamia sebuleni kwetu. Mazishi ya jirani, nilisimama sana, goti limevimba. Hakuna la zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Mitumbwi imerudi. Nilikwenda mwaloni kununua samaki aina ya mgebuka, Gervas akanikuta. Aliniamkia kabla sijamwona. Akanipokea kapu, akalibeba mpaka barabarani, akanisimamishia pikipiki na kumwonya kijana aendeshe taratibu, amebeba mwalimu. Hakuligusia shauri hata kidogo.

Nimempenda. Mtu mwenye heshima. Huenda ni mambo ya hasira tu, hasa baada ya ile miezi ambayo ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane na wavuvi wakakaa nyumbani bila kazi. Nadhani hili litasuluhishika.

Jumanne, 17 Septemba

Kikao. Tulikuwa mimi, Fidelis katibu, Mama Neema na wajumbe wengine wawili.

Gervas alikuja na shati jeupe. Dafroza alikaa pembeni yake, kwa sababu benchi ni moja. Nilimpa nafasi aeleze. Alisema wamekuwa na maneno maneno. Nikamuuliza kuhusu kupigwa. Alimtazama Gervas, kisha sakafu, akasema yamepita. Nikamuuliza kama amesamehe. Akasema amesamehe.

Gervas alikiri mkono wake mwepesi, akaomba radhi kwa baraza na kwa mkewe. Alisema vizuri sana. Nikachukua nafasi kueleza kifungu cha sitini na sita cha Sheria ya Ndoa, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake, awe mume awe mke. Gervas aliitikia kwa kichwa kila neno. Fidelis akaandika kwamba wamepatana.

Nikawataka wapeane mikono na watoke pamoja kwa mlango wa mbele, bega kwa bega. Ni desturi yangu. Nataka watu walio nje waone. Dafroza alisita kidogo mlangoni, akanitazama. Nikampungia mkono kumtia moyo.

Mama Neema alichelewa kukusanya vitu vyake. Alisema jambo kuhusu benchi, kwamba tutafute la pili. Nikasema bajeti haipo.

Nimechoka lakini ni uchovu mzuri.

Ijumaa, 20 Septemba

Dafroza yuko hospitali.

Ilikuwa juzi, asubuhi, kesho yake ya kikao. Gervas alimpiga kwa kafi la mtumbwi. Kiwiko cha mkono wa kulia kimesagika. Majirani walimbeba, wakapitia polisi kuchukua fomu namba tatu, ndiyo fomu ambayo daktari huandika majeraha ili yaje kusemwa mahakamani. Watoto wote wawili waliona. Gervas alikwishaondoka na mtumbwi, mwezi ukiwa umejaa, wakati ambao hakuna mvuvi aondokaye.

Aliyeniletea habari ni Mama Neema. Alisimama uani, hakutaka kuketi. Majirani walisikia alichokuwa anasema Gervas kwa kila pigo. Alikuwa anasema, "Mwambie Mwalimu wako."

Nimeshindwa kula. Bi Mwamini ameondoa sahani.

Jumamosi, 21 Septemba

Nilikwenda wodini na machungwa. Mkono umefungwa toka begani. Uso umevimba upande mmoja. Watoto wako kwa jirani.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Mimi ni mtu wa maneno. Hayakuja. Nilimenya chungwa ili nipate la kufanya.

Alisema kwa sauti ile ile ya darasa la nne, bila hasira, "Nilikuomba giza, Mwalimu."

Niliweka chungwa kwenye kikombe. Nilikaa mpaka muuguzi aliposema muda umekwisha.

Nilikuwa natembea kwenda stendi nikiwa naona aibu ya mwili mzima, kama mtu aliyevua nguo barabarani.

Jumatano, 25 Septemba

Nimerudi wodini. Safari hii nilisema yale niliyopaswa kumwambia siku ya kwanza, aliponijia na dagaa zake. Nayaandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikuyajua.

Kwamba kupigwa ni kosa la jinai na hakuhitaji hati ya mtu yeyote kwenda polisi. Kwamba lipo Dawati la Jinsia, na askari wa kike anamsikiliza peke yake, chumba kimefungwa. Kwamba afisa ustawi wa jamii anaweza kumtafutia mahali pa kukaa yeye na watoto. Kwamba wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza kitu. Kwamba hata huo usuluhishi wetu una mlango wa pembeni. Sheria yenyewe inasema mahakama inaweza kupokea dai la talaka bila kupitia barazani, ikiridhika kwamba mazingira si ya kawaida na usuluhishi hauwezekani. Kifungu hicho nimekifundisha kwenye semina. Nimekifundisha kwa mifano.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hayo yote yalikuwapo mwezi huu wote. Nikasema ndiyo.

Askari wa dawati alishafika kuchukua maelezo yake. Askari wenzake walikwenda mpaka kambini. Gervas alikuwa amehamia kambi nyingine.

Alhamisi, 26 Septemba

Nilimwambia Fidelis tuandike hati ya kushindwa kusuluhisha. Akafungua kumbukumbu, akanionyesha, kwa heshima zote, kwamba tarehe 17 walipatana. Hatuwezi kuandika leo kwamba tumeshindwa bila kukaa tena. Waitwe wote wawili, mume apewe wito. Alisema hayo ni maelekezo yangu mwenyewe.

Ni kweli. Niliyatunga mimi, nikayabandika ukutani.

Tumekubaliana kikao tarehe 3. Itakuwa giza. Fidelis akakumbusha kuwa Gervas hatakuwapo. Nikamwambia wito utapelekwa kwake na kwa ndugu zake kama sheria inavyotaka. Akiupuuza, atakuwa ameupuuza yeye. Sheria haikuwahi kusema tuwasubiri wanaume mpaka mwezi uwarudishe. Ni mimi niliyesema.

Jumapili, 29 Septemba

Mzee Yeremia, baba mdogo wa Gervas, alikuja toka Ilagala na wenzake wawili. "Mwakeye, Mwalimu," walisalimu kwa lugha ya nyumbani, wakaketi. Bi Mwamini aliwapa chai.

Wametoka kuonana na Dafroza kwa jirani alikofikia baada ya kuruhusiwa. Mapendekezo yao ni kwamba wazee wa pande mbili wakae. Gervas atatoa mbuzi na kitenge, ndiyo faini ya mume aliyemkosea mkewe, na mimi niwe mbele yao kwa kuwa nilishaanza kazi hii. Dafroza aondoe maelezo yake polisi. Ndoa ni ya kanisani, alisema, haivunjwi kwa karatasi. Na akiendelea, watoto ni wa ukoo.

Kumbe hilo la watoto wameshamwambia yeye. Na yeye ameyumba. Hilo ndilo lililowaleta kwangu, walikuwa wanataka mtu wa kummalizia.

Miaka yote nimekuwa mtu huyo. Wameniita kwenye nyumba nyingi, na kila mara nilikwenda na kofia yangu na vifungu vyangu. Leo nilisema hapana. Nilisema sitakaa kikao hicho, na asiyejua na ajue kuwa kumshinikiza shahidi aondoe maelezo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Mzee Yeremia hakupandisha sauti. "Umezeeka, Mwalimu," alisema. "Zamani ulikuwa mtu wa amani." Mmoja wa wenzake akasema nimeoa tena, mke mdogo anayeitwa Sheria. Wakacheka kidogo, wakamaliza chai, wakaaga vizuri.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu, 30 Septemba

Alfajri nilikuwa kwa Dafroza, goti au si goti. Bi Mwamini alikuja nami bila kualikwa. Jirani alituacha ukumbini.

Nilieleza habari ya watoto. Mahakama haiangalii ukoo wa nani, inaangalia mtoto atapata wapi malezi mema. Na aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kuamini kuwa ni vyema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto wake mdogo ana minne. Mkubwa, Jeni, ana tisa na anaweza kuulizwa mwenyewe anataka nini.

Dafroza akasema tarehe 17 pia nilieleza vizuri.

Bi Mwamini ndiye aliyejibu. Hakumsihi. Alimuuliza tu anataka kulala wapi mwezi ukirudi. Dafroza akasema kwa shangazi yake, kijijini Kidahwe. Bi Mwamini akasema basi na tufungashe.

Tulifungasha. Vitu vichache kuliko nilivyodhani mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa navyo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kikao. Dafroza peke yake, katikati ya benchi. Wito ulimfikia Gervas kupitia ndugu zake na mwenyekiti wa kitongoji. Hakuja.

Alisema asubuhi nzima. Sikujua ana sauti. Alieleza toka mwanzo wa ndoa, na alipotaka kutaja lini, hakutaja tarehe, alitaja mwezi. Kovu la kichwani, mbalamwezi ya kwanza baada ya Jeni kuzaliwa. Jino, mbalamwezi ya mavuno ya maharage. Giza lilikuwa likizo yake. Giza alipika, aliimba, aliuza, alicheka na wenzake mwaloni. Mwezi ukianza kunenepa alianza kuficha visu na makafi. Kisha ziwa likafungwa, na ikawa mbalamwezi bila kukoma.

Mama Neema alifunika uso. Fidelis aliacha kuandika, nikamwomba aendelee.

Nikafikiri juu ya wale wengine. Wake wa wavuvi wote walioketi kwenye benchi lile karibu na waume zao, siku nilizozichagua mimi kwa kalenda. Niliwauliza mbele ya waume zao kama wamesamehe. Wakasema wamesamehe. Wote. Nilidhani ni kipaji changu. Kisha niliwatoa mlango wa mbele bega kwa bega, nikawarudisha kwenye nyumba ambazo mume yumo na mtumbwi uko mchangani. Kila mmoja wao alikuwa na siku za mwezi zilizosalia.

Hati niliiandika kwa mkono wangu. Baraza limeshindwa kusuluhisha. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizoandika ofisini mle.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sikutoka. Nimekaa nikijaribu kukumbuka nyuso zao. Baadhi yao nakumbuka majina ya waume tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Amekamatwa. Mitumbwi ilirudi jana kwa ajili ya mbalamwezi naye akarudi nayo, kwa kuwa Mzee Yeremia alikuwa amemhakikishia kwamba wazee watayamaliza. Askari walinipigia simu wiki iliyopita kuuliza wavuvi wa kambi zile hurudi lini. Niliwaambia kwa kalenda yangu.

Nilikuwa mwaloni alipopita kati ya askari wawili. Aliniamkia. Shikamoo Mwalimu, sauti ile ile nzuri. Nikaitikia. Sijui kwa nini niliitikia. Labda mdomo uliozoea haungoji ruhusa.

Kesi itachukua muda wake. Anaweza kupata dhamana, na nimemwambia Dafroza hivyo kwa simu bila kupamba. Nimemwambia pia kwamba mahakama inaweza kuweka sharti la dhamana asimkaribie, na kwamba aliombe hilo kupitia mwendesha mashtaka. Alinirudishia maneno moja moja ili ahakikishe.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sharti limewekwa. Gervas yuko nje kwa dhamana, haruhusiwi kukanyaga Kidahwe. Dai la talaka limepokelewa. Watoto wako na Dafroza kwa sasa.

Barazani nimebandua maelekezo yangu ukutani. Sasa kila mlalamikaji anasikilizwa kwanza peke yake, siku anayoitaka yeye. Kama kuna kipigo, tunampeleka dawati kabla ya kumuuliza habari ya msamaha. Fidelis aliuliza vipi mashauri yakianza kulala tena kwa kukosa waume. Nikasema yalale.

Benchi la pili limepatikana. Lilikuwa stoo, nyuma ya mafaili.

Nilimwomba mtendaji wa kata anitafutie mrithi ifikapo mwisho wa mwaka. Alidhani ni unyenyekevu.

Ijumaa, 15 Novemba

Kidahwe. Nilikwenda kumsalimu, nikachelewa kuondoka kwa sababu mvua ilinyesha mchana wote.

Plasta imetolewa. Mkono hautanyooka, daktari ameshamwambia. Unaishia nusu, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana. Anaanza kuzoea wa kushoto. Alichambua maharage kwenye ungo nikiwa naangalia, polepole, mengine yakidondoka, na Jeni akiyaokota bila kuambiwa. Sikueleza chochote. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mbolea.

Mvua ilipokatika mwezi ulikuwa umeshatoka juu ya vilima, mzima, mwekundu. Mimi nilikuwa najua tangu asubuhi kuwa ni leo. Nilijikuta namtazama yeye. Aliinua uso mara moja, akaona kuna mwanga wa kutosha, akamwambia Jeni asiwashe taa bado. Akarudi kwenye maharage.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza nije lini tena nisimsumbue.

"Njoo siku yoyote, Mwalimu," alisema.